Jinsi ya Kukokotoa Masafa na Kukadiria Muda wa Kuruka kati ya Arua na Kidepo

Mkazi wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, anayeuliza Kidepo, mbuga iliyo kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, ni umbali gani hupata majibu matatu yasiyofanana hata kidogo. Mwenye ramani atamwambia ni kilomita mia tatu na kitu, dereva atamwambia ajiandae kwa siku nzima barabarani na pengine zaidi, na muuza tiketi atamwambia aende kwanza Entebbe. Wote watatu wanaweza kuwa wamesema kweli, kwa kuwa kila mmoja amejibu swali lake: wa kwanza amepima mstari ulionyooka, wa pili amepima barabara inayoshuka hadi daraja la Pakwach kisha ikapanda tena kupitia Gulu na Kitgum, na wa tatu amefuata njia ambazo ndege za abiria hupita. Mwongozo huu unaeleza namna ya kupata namba hizo mwenyewe, kwa kalamu, karatasi na simu yenye kikokotoo, ili ukipewa bei au ratiba uweze kuipima kabla ya kulipa.

Anza na majiranukta

Masafa ya ndege hupimwa kutoka uwanja hadi uwanja, wala si kutoka mji hadi mji. Kwa Arua tofauti hiyo ni ndogo, kwa sababu uwanja uko karibu na mji. Kwa Kidepo ni kubwa, kwani kiwanja kimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bonde la Kidepo, na anayeandika Kaabong au Kitgum badala yake anapima safari nyingine kabisa. Unahitaji majiranukta ya kila uwanja, yaani latitudo na longitudo zake. Mamlaka ya usafiri wa anga huyachapisha, na ramani yoyote ya setilaiti kwenye simu huyaonyesha ukibonyeza na kushikilia kidole katikati ya njia ya kurukia ndege. Kwa mahitaji yetu, Arua iko nyuzi 3 dakika 3 kaskazini, na nyuzi 30 dakika 55 mashariki. Kidepo iko nyuzi 3 dakika 43 kaskazini, na nyuzi 33 dakika 45 mashariki.

Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Uzi mmoja una dakika 60, si 100, kwa hiyo nyuzi 3 dakika 43 haziandikwi 3.43 kwenye kikokotoo. Unagawanya 43 kwa 60 na kupata 3.72. Mara ya kwanza nilipofanya hesabu hii niliingiza dakika zote kama desimali, nikapata jibu la maili 176 za baharini, ambalo linakaribiana sana na jibu sahihi. Nilijisifu, hadi nilipoziweka zile nukta kwenye ramani na kukuta Arua yangu imehamia Kongo na Kidepo yangu imesogea zaidi ya kilomita arobaini kusini-magharibi. Makosa mawili yalikuwa yamefichana. Tangu siku hiyo siamini masafa yoyote kabla ya kuziona nukta zenyewe zimekaa juu ya njia ya kurukia.

Kosa jingine ni kugeuza mpangilio. Programu nyingi hutaka latitudo kwanza, na chache hutaka longitudo kwanza; ukizigeuza, Arua na Kidepo zote mbili zitaangukia Algeria, katika nchi ya jangwa, na umbali utakaopata utaonekana wa kawaida kabisa ingawa si wa kweli. Anayepima kutoka kusini mwa ikweta, kwa mfano kutoka Mbarara, akumbuke kuweka alama ya kutoa mbele ya latitudo. Entebbe haihitaji alama hiyo, kwa sababu iko kaskazini mwa ikweta kwa dakika mbili na nusu hivi.

Hesabu ya mkono

Wanaanga hutumia maili ya baharini, ambayo ni mita 1,852 kamili, na sababu yake inamfaa sana mtu asiye na kompyuta: dakika moja ya latitudo juu ya uso wa dunia ni sawa na takriban maili moja ya baharini. Kwa hiyo dakika ulizosoma kwenye majiranukta tayari ni maili.

Toa latitudo ya Arua kwenye ile ya Kidepo: tofauti ni dakika 40, yaani maili 40 kuelekea kaskazini. Toa longitudo: kutoka nyuzi 30 dakika 55 hadi nyuzi 33 dakika 45 kuna nyuzi 2 dakika 50, ambazo ni dakika 170. Dakika za longitudo hupungua urefu kadiri unavyokwenda mbali na ikweta, kwa hiyo huzidishwa kwa kosini (kitufe cha cos kwenye kikokotoo) ya latitudo ya katikati ya safari. Latitudo hiyo kwetu ni karibu nyuzi 3.4, na kosini yake ni 0.998; dakika 170 hubaki maili 170 kasoro kidogo. Sasa una pembetatu yenye pembe mraba, upande mmoja maili 40 na mwingine maili 170, na kanuni ya Pythagoras inamaliza kazi: 40 kwa 40 ni 1,600, 170 kwa 170 ni 28,900, jumla ni 30,500, na kipeuo chake cha pili ni karibu 174.6. Kwa kuwa tulikuwa tumekadiria kwa juu kidogo, andika maili 174. Zidisha kwa 1.852 upate kilomita 322 kwa kukadiria.

Anayetaka uhakika zaidi atumie hesabu ya duara kuu, ambayo huichukulia dunia kama mpira wenye nusukipenyo cha kilomita 6,371. Chukua nusu ya tofauti ya latitudo, tafuta sini yake (kitufe cha sin) na uipige mraba. Fanya vivyo hivyo kwa nusu ya tofauti ya longitudo, kisha zao hilo la pili ulizidishe kwa kosini za latitudo zote mbili. Jumlisha, tafuta kipeuo cha pili, tafuta pembe ambayo sini yake ni jibu hilo, izidishe kwa mbili, halafu kwa 6,371. Pembe hiyo ya mwisho lazima iwe katika radiani (kipimo cha pembe ambacho nyuzi 180 ni sawa na 3.1416), la sivyo utapata umbali wa zaidi ya kilomita 18,000. Nimeifanya kwa Arua na Kidepo na jibu ni karibu lile lile, kilomita 323. Kwa kuwa dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake, hesabu ya mpira inaweza kukosea kwa chini ya nusu asilimia. Kwa safari hii hiyo ni kama kilomita moja, na hakuna rubani atakayekulaumu kwa kilomita moja.

Wasomaji wengine watajiuliza kwa nini tusumbuke na kosini ikiwa hapa haibadilishi kitu. Haibadilishi kitu kwa sababu tuko jirani na ikweta. Chukua viwanja viwili vya kaskazini halisi ya dunia, Alta na Kirkenes nchini Norwei, vilivyo karibu na nyuzi 70 za latitudo. Kati yake kuna tofauti ya longitudo ya karibu nyuzi 6.5. Hapa kwetu nyuzi 6.5 zingekuwa zaidi ya kilomita 720, yaani ungeivuka Uganda yote kutoka mpaka hadi mpaka na kuingia Kenya ndani. Kule kosini ni 0.34, na umbali halisi kati ya viwanja hivyo ni kama kilomita 250 tu. Ramani bapa ya ukutani huficha jambo hilo kabisa, kwa kuwa huzinyoosha nchi za kaskazini hadi zikaonekana pana kuliko zilivyo. Kwa hiyo pembetatu ya karatasi ni hesabu ya watu wa ikweta. Ukiitumia kwa safari ndefu za Norwei au Kanada bila kufikiri, itakudanganya.

Mstari huo unapita wapi

Kabla ya kuhesabu muda, uchore mstari kwenye ramani. Kutoka Arua unaelekea mashariki ukiinama kaskazini kidogo, unavuka Naili ya Albert maeneo ya Obongi, unapita kusini mwa Adjumani na jirani na Atiak, unaendelea juu ya nchi ya Palabek na Padibe katika Lamwo, unauacha mji wa Kitgum upande wa kusini, kisha unaingia Karamoja. Njia yote imo ndani ya Uganda, ingawa karibu na Nimule mpaka wa Sudan Kusini hauko mbali. Jambo hilo lina maana kwa muda: rubani anaweza kulazimika kuukwepa mpaka huo, au wingu la radi, kwa kuzungukia kusini. Kuongeza asilimia tano juu ya mstari ulionyooka ni busara, na hiyo ni kama maili tisa, au dakika tatu hivi.

Kutoka masafa hadi muda

Muda ni masafa kugawanya kwa mwendo, lakini mwendo wa ndege gani? Viwanja vya porini kama Kidepo huhudumiwa zaidi na ndege ndogo za propela, na iliyozoeleka Uganda ni Cessna Caravan, yenye injini moja na nafasi ya abiria kumi hivi. Ikiwa angani na imetulia, huenda kati ya maili 160 na 180 za baharini kwa saa kutegemea aina, uzito na kimo. Mimi hutumia 160, kwa sababu makadirio yenye tahadhari hayajawahi kumkosesha mtu gari la kumpokea. Gawanya 174 kwa 160, zidisha kwa 60, upate dakika 65. Kisha ongeza dakika 10 hadi 15 za kusogea hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kupaa, kupanda hadi kimo cha safari, kushuka na kuzunguka kiwanja kabla ya kutua. Jumla ni saa moja na robo hadi saa moja na dakika ishirini.

Dakika hizo za nyongeza huonekana ndogo kwa Caravan, lakini ndizo zinazoharibu hesabu za wanaopenda ndege za jeti. Jeti ya mwendo wa maili 450 kwa saa ingelimaliza masafa haya kwa dakika 23 kwenye karatasi. Kwa kweli ingetumia karibu nusu ya safari ikipanda na nusu nyingine ikishuka, na abiria angekaa ndani kwa dakika zisizopungua 40. Kwa safari fupi mwendo mkubwa hauokoi muda mwingi. Kwa safari ndefu kidogo huokoa: kutoka Tromsø hadi Longyearbyen, katika visiwa vya Svalbard, ni kilomita 957, na jeti ya kawaida huhitaji zaidi kidogo ya saa moja na nusu, ambapo Caravan ingehitaji zaidi ya saa tatu juu ya bahari baridi.

Upepo unastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Katika vimo ambavyo ndege ndogo hupita, pepo za Afrika Mashariki huvuma mara nyingi kutoka mashariki, kwa hiyo anayetoka Arua kwenda Kidepo hukutana na mbisho, kama mabaharia wa pwani wanavyouita upepo unaokuja usoni, naye arudiye husukumwa kwa nyuma. Tuseme upepo ni maili 15 kwa saa. Kwenda, mwendo juu ya ardhi ni 145, na muda angani ni dakika 72. Kurudi, mwendo ni 175, na muda ni dakika 60. Wengi hudhani kwamba kwenda na kurudi hufidiana. Hesabu inakataa: jumla ni dakika 132, ilhali pasipo upepo ingekuwa dakika 130 na kidogo. Upepo ukiwa maili 40 kwa saa, jumla inafika karibu dakika 140. Sababu ni kwamba ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya mbisho kuliko ndani ya upepo wa nyuma, na hivyo hasara hupata muda wa kukua kuliko faida. Ukipanga safari ya kwenda na kurudi siku moja, usitumie mwendo wa wastani. Hesabu kila upande peke yake.

Joto na mwinuko navyo vina sehemu yake. Viwanja hivi viwili viko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa jua kali hewa huwa nyepesi, ndege ikahitaji njia ndefu zaidi ili kupaa. Rubani akipunguza mzigo au akiahirisha safari hadi asubuhi, hiyo si hila. Ndiyo sababu pia mizigo hupimwa kwa mizani na mara nyingi abiria hupewa kilo 15 tu, tena katika mfuko laini.

Safari halisi na fedha zake

Kilomita 323 ni zako iwapo umekodi ndege. Msafiri anayetegemea ndege za ratiba kwa kawaida hushuka hadi Entebbe kwanza, na kwa hesabu ile ile ya pembetatu, Arua hadi Entebbe ni maili 202 za baharini, yaani kilomita 375, na Entebbe hadi Kidepo ni maili 234, yaani kilomita 433. Jumla ni kilomita 808, mara mbili na nusu ya mstari ulionyooka. Muda angani kwa ndege ya mwendo wetu ni dakika 76 na dakika 88, kila kipande kikiongezwa robo saa yake. Lakini kinachotawala safari hiyo ni kusubiri, kwani ndege mbili hazipangiwi kukutana, na mara nyingi utalala Entebbe. Ndege za mbugani pia hugusa viwanja kadhaa kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo uliza idadi ya vituo kabla ya kuuliza saa ya kufika.

Anayekodi naye asihesabu kipande chake pekee. Ndege ndogo nyingi hukaa Kajjansi, kwenye barabara ya kutoka Kampala kwenda Entebbe, na gharama huhesabiwa tangu inapoondoka hadi inaporudi. Kajjansi hadi Arua ni maili 198, Arua hadi Kidepo ni 174, Kidepo hadi Kajjansi ni 223. Jumla ni 595, karibu saa tatu na dakika 43 angani. Wewe utakuwa umekaa ndani chini ya theluthi moja ya safari hiyo, lakini bei ni ya yote. Ukiweza kumpata mtu anayetoka Kajjansi kwenda Arua siku hiyo hiyo, kipande cha kwanza kina wa kukilipia.

Saa ya kuondoka

Viwanja visivyo na taa hupokea ndege wakati wa mwanga tu. Kaskazini mwa Uganda jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa moja hivi usiku mwaka mzima, kwa hiyo unaweza kurudi nyuma kutoka hapo: toa saa moja na dakika 20 za safari, toa saa nzima ya akiba, na utaona kwamba kuondoka Arua baada ya saa kumi alasiri ni kujitakia shida. Longyearbyen haina kipimo kama hicho, kwa kuwa jua halizami kule tangu takriban tarehe 20 Aprili hadi mwishoni mwa Agosti, kisha halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari, na viwanja vyao hutegemea taa. Kwetu mpangaji mkuu ni mvua. Katika miezi ya mvua ya kaskazini, mawingu ya radi hukusanyika mchana na kupasuka alasiri, hivyo safari ya asubuhi hushika muda wake kuliko ya jioni.

Angalia pia saa imeandikwa kwa mtindo gani. Tiketi huandika 13:00, nasi tunaisoma saa saba mchana. Rubani na waongoza ndege huandika saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya Uganda kwa saa tatu, kwa hiyo 06:00 kwenye karatasi yake ni saa tatu asubuhi kwako. Anayesoma 06:00 hiyo kama saa kumi na mbili alfajiri atakaa uwanjani saa tatu bure, na anayeisoma kama saa sita mchana atakuta ndege imeondoka saa tatu kabla. Arua na Kidepo hutumia saa moja, lakini Sudan Kusini ilirudisha saa yake nyuma mwezi Februari 2021, na simu iliyoachwa ijipange yenyewe inaweza kunasa mtandao wa ng'ambo ya mpaka ikakuchelewesha saa nzima. Kabla ya kuingia kwenye ndege, zima mpangilio huo na uiweke saa ya Uganda kwa mkono.